Fuso limekufa, kadi bado hai: makaratasi ya gari la kazi linapokwenda kwenye skrepa

Nyuma ya nyumba moja ya Isevya, hapa Tabora mjini, kulikuwa na Fuso limekaa juu ya mawe. Matairi yalitoka kwanza, betri ikafuata, kisha rejeta, na mwishowe kuku wakahamia kwenye kebini wakawa wanataga chini ya usukani. Enzi zake lilipanda na kushuka barabara ya Urambo na Kaliua likibeba tumbaku, na msimu ukiisha lilibeba mahindi, mbao, vyombo vya watu wanaohama, chochote chenye mtu wa kulipia. Mwenyewe, mzee ambaye namtunzia vitabu vya hesabu, alinipigia simu Alhamisi jioni. Wanunuzi wa skrepa wamekubaliana naye bei, Jumamosi asubuhi wanakuja na mtungi wa gesi na mizani, niwepo wakati wa kuhesabu hela.

"Shikamoo mzee. Kadi ya gari iko wapi?"

"Marahaba. Kadi ya nini tena, mwanangu? Hili si gari hili, ni chuma."

Kwa macho alikuwa sahihi. Lakini kwenye rejista ya magari ya TRA, Mamlaka ya Mapato, lile lilikuwa bado lori zima, lenye namba, lenye mwenyewe, lenye uwezo wa kugonga mtu Nzega leo usiku. Gesi inakata chesisi, jina lako kwenye rejista haigusi hata herufi moja. Kazi ya kulitoa jina hilo ndiyo watu wanaita kufuta usajili, na si ngumu kama inavyosemwa vijiweni. Ugumu wake uko kwenye mpangilio. Karibu kila mtu aliyewahi kuniletea tatizo la aina hii alikuwa amefanya mambo yote yanayotakiwa, ila kinyumenyume: amekata kwanza, kisha ndiyo anatafuta karatasi za kitu ambacho hakipo tena.

Kadi hai ni bidhaa

Tuanze na hofu yenyewe, maana bila kuielewa, shughuli nzima inaonekana ni usumbufu wa ofisini.

Mnunuzi wa skrepa akikuambia "nipe na kadi na vibao, sisi tutamalizana nao", sikiliza vizuri anachoomba. Chuma ananunua kwa kilo. Kadi haina kilo. Akiitaka, anaitaka kwa sababu nyingine, na mara nyingi sababu hiyo haina ubaya, anaogopa tu kukamatwa njiani na vyuma visivyo na maelezo. Hiyo inatibika kwa nakala ya kadi na hati ya mauziano. Lakini kadi halisi, pamoja na vibao vya namba na kile kipande cha chesisi chenye namba iliyogongwa, ni kitambulisho kamili cha lori. Mtu mwenye lori la aina ileile lisilo na makaratasi, la wizi au lililoingia nchini kwa njia za panya, anaweza kulivisha utambulisho wa gari lako lililokufa. Siku askari akilisimamisha, jina linalosomeka ni lako. Likisababisha ajali, polisi wanaanza kwako. Utajitetea, na pengine utashinda, lakini utafanya hivyo ukiwa umekaa kwenye benchi la kituo cha polisi huku ukieleza habari za kuku na mawe.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu, na lazima uchague moja mapema. Ya kwanza ni kuuza gari zima kama gari, hata kama limekufa, na kuhamisha umiliki kwa mnunuzi pale TRA. Baada ya hapo akilikata au akilifufua ni shauri lake. Njia hii inafaa pale mnunuzi ni fundi au mtu wa spea anayetaka kulichinja taratibu. Ya pili ni wewe mwenyewe kufuta usajili, kisha kuuza kilichobaki kama chuma. Njia ya tatu, ya kuuza chuma na kuacha kadi ndani ya mkoba wa nailoni kabatini, ndiyo inayotumika zaidi mitaani kwetu, na ndiyo inayowaletea watu wito.

Soma kadi kwanza

Mzee alinitolea mkoba wake. Ndani kulikuwa na leseni za usafirishaji za tangu enzi za SUMATRA, mamlaka ya usafiri iliyotangulia LATRA ya sasa, stika za zimamoto zilizobanduliwa kwenye kioo, risiti za bima zilizofifia, na kadi. Nikaisoma pale pale kwenye kigoda.

Kadi ya gari ya Tanzania ina mistari miwili ya jina, na watu wengi hawajawahi kuitofautisha. Kuna mmiliki, na kuna mwenye hatimiliki. Kwa gari lililonunuliwa taslimu majina ni yale yale. Kwa gari la mkopo, benki ndiyo inayokaa kwenye mstari wa hatimiliki. Mzee wangu alikopa, akalipa, akamaliza, akapewa kadi yake, akaondoka kwa furaha. Hakuna aliyemwambia kwamba jina la benki linabaki pale mpaka litolewe. Miaka imepita, deni halipo, lakini kwenye rejista benki bado ina sauti juu ya lile lori, na TRA haiwezi kufuta usajili wa mali yenye jina la mwingine bila mwingine huyo kusema lolote. Ilibidi tuanzie benki kuomba barua ya kuthibitisha kwamba mkopo umelipwa na kwamba wanaachia hatimiliki. Tawi lenyewe lilikuwa limebadilisha watumishi wote. Barua ilichukua wiki tatu.

Hilo la benki ni fundo moja. Fundo linalojitokeza zaidi huku kwetu ni la kadi yenye jina la mtu aliyeuza. Watu wananunua lori kwa hati ya mauziano iliyopigwa muhuri wa wakili, wanaona wamemaliza, na umiliki hauhamishwi. Lori linauzwa tena mara ya pili na ya tatu kwa mtindo huo huo, hati za mauziano zinabanwa pamoja kwa stepla kama ukoo. Siku ya kufuta usajili, anayetambulika ni yule wa kwanza, ambaye huenda yuko Singida, huenda yuko kaburini. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 na ada za kuhamisha vilivyokwepwa wakati ule vinageuka nauli na simu na kuombana radhi. Kama muuzaji wako bado anapokea simu, mtafute sasa, kabla fundi hajatamka kwamba injini imekwisha.

Mwenye jina akiwa amefariki, hakuna mtoto wala mjane anayeweza kusaini kwa niaba yake kwa kuwa tu ni mtoto au mjane. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi hiyo ni Mahakama ya Mwanzo na ile fomu namba nne ya usimamizi. Nimeona familia ikigawana hela ya skrepa ya lori la marehemu kwa amani kabisa, halafu mwaka mmoja baadaye ikagombana kwa sababu ya barua moja ya madai iliyokuja kwa jina la baba.

Kadi ikiwa imepotea, unaanzia polisi kwa taarifa ya upotevu, kisha unaomba kadi nyingine TRA, kisha unairudisha hiyo hiyo ili usajili ufutwe. Ndiyo, unalipia kadi mpya ili uirudishe. Nami nimewahi kucheka. Lakini ukitazama kutoka upande wa pili wa dirisha inaeleweka: kadi iliyopotea inaweza kuwa mkononi mwa mtu.

Kampuni ilete muhtasari wa kikao unaoamua gari litolewe kwenye mali zake na nani asaini. Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo mkoa huu wa tumbaku unavyo vingi, viwe makini zaidi ya kampuni: mali ni ya wanachama, uamuzi ni wa mkutano wao, Mrajis wa Vyama vya Ushirika ana neno lake, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama hivyo, akifika hatauliza lori lilikuwa bovu kiasi gani. Atauliza nani aliamua liuzwe, na kwa bei ya nani.

Na tela? Tela lina namba yake na kadi yake. Watu wanafuta kichwa wanasahau tela, kama vile limekufa kwa ajili ya kumsindikiza mwenzake.

Askari aone kabla ya moto

Maombi yenyewe ya kufuta usajili ni barua kwa TRA ikieleza gari ni lipi na kwa nini linatolewa, ikiambatana na kadi halisi na vibao vyote vya namba. Ila barua inasema tu, haithibitishi. Kinachothibitisha ni ripoti ya ukaguzi ya polisi wa usalama barabarani: askari mkaguzi anafika gari lilipo au unalipeleka kwa kuvuta, anasoma namba ya chesisi na ya injini, anazilinganisha na kadi, anaandika hali ya gari. Kazi ya nusu saa. Lakini inawezekana tu kama kuna kitu cha kukagua. Ukishakata, namba ya chesisi inaweza kuwa tayari iko kwenye lundo la mnunuzi, na askari hawezi kuandika kwamba ameona asichokiona.

Kuna jambo dogo la kusafisha kabla hajaja. Kwenye malori ya zamani namba ya chesisi imegongwa ubavuni mwa chuma, na huku kwetu vumbi jekundu na grisi vimeifunika miaka yote. Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, isugue mpaka isomeke, kisha piga picha kwa simu, namba na gari zima zikionekana. Usiisugue kwa msasa wa mashine. Namba iliyosuguliwa kupita kiasi inafanana na namba iliyochezewa, na hapo umejitengenezea swali ambalo halikuwepo.

Injini ndiyo sehemu inayowaponyoka watu. Lori likifa, injini mara nyingi ndiyo ya kwanza kupata mteja, hata kabla ya difu na giaboksi, maana kuna Fuso jingine Sikonge lenye bodi nzima na injini iliyopasuka. Uza, ni haki yako. Lakini injini ina namba, na namba hiyo iko kwenye kadi yako. Aliyeinunua atatakiwa kubadilisha taarifa za gari lake TRA, na atahitaji kuonyesha imetoka wapi. Mwandikie hati ya mauziano ya injini peke yake, yenye namba, tarehe, na nakala ya kadi. Kisha kwenye barua yako ya kufuta usajili sema wazi kwamba injini namba fulani iliuzwa kwa fulani. Ukinyamaza, askari mkaguzi atakuta shimo mahali pa injini, na shimo halina maelezo.

Madeni yanayokua na yaliyolala

Vijiweni utasikia kwamba gari likilala deni lake linapanda kila mwaka. Lilikuwa kweli. Zamani kulikuwa na ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyoizoea kwa jina la rodi laisensi, na gari lililosimama bila kutolewa taarifa liliendelea kudaiwa. Ada hiyo ilifutwa kuanzia Julai 2017, na Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita ili kuziba pengo. Tangu hapo anayelipa ni anayetembea. Fuso lililokaa juu ya mawe halinywi dizeli, kwa hiyo kwa upande huo halidaiwi kitu.

Yanayobaki ni ya aina nyingine. Faini za barabarani ambazo hazikulipwa zimeshikamana na namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na zile za shilingi 30,000 zina tabia ya kusahaulika kwa sababu dereva alipewa karatasi akaitia kwenye droo ya kebini asikuambie. Ushuru wa maegesho nao unafuata namba. Angalia vyote viwili, omba namba ya malipo, lipa, chapisha risiti. Ni afadhali uvikute wewe kabla havijakukuta dirishani.

Kuna deni la tatu lisiloandikwa kwenye namba lakini linatokana nayo, nalo ni kodi ya mapato. Msafirishaji mdogo asiyetunza hesabu kamili hukadiriwa kodi kwa kuangalia aina ya gari na uwezo wake wa kubeba. Kwa maneno mengine, lori ndilo linaloonyesha kwamba unafanya biashara. Kama halijatolewa kwenye orodha, ofisa anayekukadiria ana kila sababu ya kudhani liko njiani Nzega likiingiza hela. Ukimwambia limekufa atakuuliza ushahidi, na ushahidi ni hiyo karatasi ya kufutwa usajili. Kwa wateja wangu wadogo hili peke yake limelipa gharama zote za mchakato.

LATRA, yaani mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima niyapite haraka. Leseni ya usafirishaji hutolewa kwa gari moja moja, hivyo gari likiondoka andika barua LATRA kuwajulisha, urudishe leseni kama bado haijaisha, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usidhani leseni ya lile lililokufa itahamia kimya kimya kwa jipya. Jipya linaombewa yake. Bima ndogo, ile ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haikulipi wewe chochote gari lako likifa, maana ipo kwa ajili ya uliyemgonga. Kama imebaki miezi kadhaa, andika kuomba isitishwe na uulize kama kuna kinachorudi.

Bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, ina mtego wake. Kama gari limekufa kwa ajali na kampuni ya bima imekubali kukulipa thamani yote, mabaki yanakuwa yao mara wanapolipa. Mwenye gari aliyeng'oa matairi sita mapya usiku ule wa ajali, akidhani anaokoa chake, amejipunguzia fidia na pengine amejitafutia kesi. Kama unayataka mabaki, yataje kwenye mazungumzo, wakate bei yake kwenye malipo, na muandikiane.

Hela ya skrepa inaingia wapi kwenye vitabu

Hapa ndipo wahasibu wenyewe wanateleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzee aliniuliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Hii hela ya chuma, ni faida? Nitailipia kodi?" Kwa mtu anayetunza hesabu kamili, jibu ni kwamba si faida moja kwa moja, na wala haifutwi tu. Inaingia kwenye kapu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiangalii uchakavu, yaani ile sehemu ya thamani unayoruhusiwa kukata kwenye mapato kila mwaka, kwa gari moja moja. Inachanganya mali za aina moja kwenye kapu moja, na uchakavu unahesabiwa kwa kapu zima. Magari madogo, mabasi ya abiria chini ya 30 na malori yenye uwezo wa kubeba chini ya tani 7 yanaingia kapu la kwanza, ambalo uchakavu wake ni asilimia 37.5 kwa mwaka. Mabasi ya abiria 30 na zaidi, malori mazito na matela yanaingia kapu la pili, asilimia 25. Kirikuu ya kusambaza soda na Fuso la tani 8 hazikai kapu moja, hata kama zinalala ua mmoja.

Tuchukue mfano wa namba zangu mwenyewe. Una Fuso tatu nzito. Kapu lako la pili lilianza mwaka likiwa na shilingi milioni 18 ambazo hazijamalizika kukatwa uchakavu. Mwaka huo moja linakwenda skrepa na unapata milioni 4. Hizo milioni 4 zinatolewa kwenye kapu, linabaki na milioni 14. Asilimia 25 ya milioni 14 ni milioni 3.5, na hicho ndicho kiasi unachoruhusiwa kukata kwenye mapato ya mwaka huo. Bila mauzo yale ungekata milioni 4.5. Kwa hiyo hela ya skrepa imekugusa, lakini kwa kupunguza unachokata, kidogo kidogo kwa miaka, wala haikupigwa kodi yote siku uliyoipokea.

Sasa geuza. Kapu lilikuwa limebaki na milioni 2 tu kwa sababu malori ni ya zamani, nawe ukauza chuma kwa milioni 4. Kapu haliwezi kwenda chini ya sifuri. Zile milioni 2 za ziada zinakuwa mapato ya mwaka huo, na zinatozwa kodi. Na kama lililokufa ndilo lilikuwa lori lako la mwisho kwenye kapu, kapu linavunjwa: kikizidi ni mapato, kikibaki unakikata chote mwaka huo huo.

Kuna jambo ambalo mzee hakuliamini mpaka nilipomchorea kwenye kipande cha boksi. Lori likifa bila kuuzwa kitu, mathalani limeungua lote na halikuwa na bima kubwa, hakuna kinachotolewa kwenye kapu. Salio linabaki vilevile na linaendelea kukatwa uchakavu mwaka hadi mwaka, mradi kuna lori jingine ndani ya kapu. Gari limeshazikwa, uchakavu wake bado unakula. Alicheka, akasema hiyo ni kama pensheni ya marehemu.

Kwa aliyesajiliwa VAT, kuuza lori la biashara au chuma chake ni mauzo kama mengine: asilimia 18 na risiti ya mashine. Wengi husahau kwa sababu si bidhaa waliyozoea kuuza. Bei mliyopatana na mnunuzi ijulikane mapema kama ina VAT ndani au la, maana ukigundua baada ya hela kutumika, asilimia hiyo inatoka mfukoni mwako.

Magari ya mashirika

Huku Tabora ni machache, lakini ukishavuka Malagarasi kwenda Kigoma, kwenye shughuli za wakimbizi za Kibondo na Kasulu, utakuta Land Cruiser nyingi zilizoingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha ule ulitolewa kwa shirika na kwa kazi yake. Gari likiuzwa au hata likitolewa zawadi kwa mtu asiye na msamaha, kodi ya forodha inadaiwa kwanza. Kijana aliyepewa gari bovu na mwajiri wake kama asante ya miaka kumi ya udereva asikimbilie gereji. Aulize kodi imelipwa na nani, tena kwa maandishi.

Gari la Serikali lenye namba ya STK au SM lina njia yake, ya Mhakiki Mali na mnada wa hadhara. Ukiambiwa na mtu kwamba kuna "la halmashauri linatoka kimya kimya", liache likae kimya.

Siku ya kukata

Jumamosi ile gesi haikuwashwa. Wanunuzi walinuna, wakaondoka, wakarudi baada ya mwezi na zaidi, wakati barua ya benki imeshafika, askari ameshakagua, na maombi yameshapokelewa.

Mizani ndiyo niliyoitazama kwa makini kuliko hela. Kadi ya gari inaandika uzito wa gari tupu. Wengi hawajui, na mnunuzi anaombea usijue. Chukua uzito huo, toa vitu ulivyokwisha kuuza kando, injini, matairi, difu, na utapata makadirio ya kilo zinazopaswa kutokea. Nakala ya kadi ilikuwa mfukoni mwangu. Mzigo wa kwanza ulipopimwa, nikamwambia kijana wa mizani kwa upole kwamba kwa mwendo ule lori zima litakuwa na uzito wa bajaji. Akasogeza mizani kwenye sakafu iliyonyooka, na namba zikabadilika.

Oili ilitolewa kabla ya moto, kwenye dumu. Oili chafu na betri ni taka hatarishi kwa sheria zetu za mazingira, na biashara ya vyuma chakavu yenyewe inahitaji kibali cha NEMC, baraza la mazingira. Nikaomba nakala ya kibali cha mnunuzi. Si umbea. Tabora ni mji wa reli tangu mwaka 1912, na chuma kizito kinachotoka hapa bila karatasi kinaulizwa swali moja tu kwenye kizuizi cha kwanza: hiki si cha reli? Mnunuzi mwenye kibali chake, nakala ya kadi na hati ya mauziano analijibu swali hilo bila kukutaja wewe kwenye simu saa saba usiku.

Hati tuliiandika kwa mkono, nakala mbili. Majina, namba za vitambulisho vya taifa, namba ya gari iliyofutwa, namba ya chesisi, kilo, bei kwa kilo, jumla, tarehe na saa. Saa ni muhimu: kinachotokea baada ya saa hiyo si chako. Mwenyekiti wa mtaa alisoma yote, akasaini, akagonga muhuri. Nakala yetu iko kwenye faili pamoja na ripoti ya askari, risiti za faini, barua ya benki, barua ya LATRA na picha za chesisi, na halitaguswa kwa miaka 5, muda ambao sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe.

Mzee alikuwa ameomba abaki na kibao kimoja cha namba, akitundike sebuleni. Nilimwambia haiwezekani, vyote viwili vimekwenda na kadi. Akatafakari, akapanda kwenye kebini kabla vijana hawajafika na mtungi, akafukuza kuku, akashuka na usukani. Usukani hauna namba, kwa hiyo sikuwa na la kusema.